Mwenyeji wa Mahfoudha

Kila mwaka ziara ikikaribia, mkuu wa chuo huniomba nisimame mbele ya wanafunzi wapya niwaeleze faida ya kwenda nchi za watu kujifunza kazi. Nami husimama. Nawaambia kwamba mkono hujifunza kwa mkono, kwamba kitabu hakina vumbi la mbao, na kwamba ukikaa benchi moja na fundi mgeni kwa siku kumi utapata usichokipata darasani kwa miaka miwili. Yote kweli, na wao huandika. Wakiniuliza kama na mimi niliwahi kushiriki ziara kama hizo, nawajibu ndiyo, mwaka 1998, nilikuwa mwenyeji. Halafu naangalia saa.

Wacha niseme leo lile nisilowaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pili katika chuo cha ufundi wa sanaa hapa Maskati, upande wa wasichana. Tukifundishwa kuchora, kupamba nyumba, kutia vitambaa rangi na kuchonga mbao. Kwetu ni Darsait, ghorofa ya pili juu ya duka la mabomba, na ndani ya nyumba ile ilikuwa Kiswahili tu, kuanzia chai ya asubuhi mpaka kulala. Baba na mama walizaliwa Unguja. Bibi Nasriya, mama yake baba, alizaliwa Wete, Pemba, akaja Omani akiwa mtu mzima, na Kiarabu hakikumkaa mdomoni hata siku moja. Alikisema kama mtu anayetembea na viatu vya mwenziwe. Juu ya hayo, masikio yake yalikwisha kuwa mazito, basi hata alichokijua kikimpita.

Chuoni lakini mimi sikuwa Mzanzibari. Hakuna aliyenilazimisha, nilijivua mwenyewe. Kwenye orodha nilikuwa Manal na jina la kabila, na kabila letu lina kijiji huko Ibra, basi nikasema kwetu ni Ibra. Nimefika Ibra mara mbili, na zote mbili nilitapika njiani. Nilifanya hivyo kwa sababu ya rafiki yangu Wadha, binti wa watu wakubwa wa Nizwa, msichana mzuri mwenye ulimi wa wembe. Wenzetu waliorudi kutoka Afrika akiwaita "wale wa mihogo", na darasa zima likicheka, na mimi nikicheka kuliko wote. Mwaka wa kwanza Bibi aliniletea chakula nilichokisahau nyumbani, akasimama getini akimhangaisha bawabu kwa Kiarabu chake. Wadha akaniuliza, nani kizee yule? Nikamwambia, jirani yetu. Neno lilitoka laini, halikunikwama popote. Chakula nikakila.

Kwa hiyo Ustadha Shaikha, mwalimu wetu wa uchongaji, alipotutangazia kuwa wanakuja wasichana kumi na wawili kutoka chuo cha mafunzo ya amali Zanzibar, ziara ya siku kumi na mbili, mimi niliinamia ubao wangu. Alieleza utaratibu. Kila mgeni atapewa mwenyeji, watakaa benchi moja, watafanya kazi moja, na siku ya mwisho kazi zitatandazwa watu waje kuziona. "Sitaki mihadhara," alisema. "Nataka mikono." Kisha akauliza kwa Kiarabu kilaini tu, kama mtu anayeomba chaki: nani hapa anajua Kiswahili, atusaidie kutafsiri?

Nikaangalia kucha zangu. Hakuna aliyenyanyua mkono. Wadha akaninong'oneza, "Nani atakubali?" Nikacheka.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa siku nane.

Wageni walifika Jumamosi, na mimi nikapewa Mahfoudha. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'ara, ana vidole vigumu vyenye makovu madogo ya patasi, na alikuwa mchongaji hasa. Kwao alijifunza kwa mjomba wake kabla hata hajaingia chuo. Tuliamkiana kwa Kiingereza. Chake kilikuwa cha kitabuni, changu cha televisheni, na vilipokutana vilisalimiana kwa mbali tu. Tukaanza kuelewana kwa mikono. Tulipewa ubao wa msaji tuchonge nakshi ya juu ya mlango, yeye upande wa kulia na mimi wa kushoto, tukutane katikati.

Na Mahfoudha alikuwa na mazoea ya kusema peke yake akifanya kazi. Si kwa sauti, kama mtu anayemsemesha paka. Akisema na ubao, akisema na patasi, akinisema na mimi. "Mwone anavoupiga, ubao haupigwi, unabembelezwa." Mimi nikilegeza mkono. Akinitazama kwa mshangao. "Ala! Kama ananisikia mtoto huyu." Nami nikifanya uso wa gogo. Nakiri kwamba mara ya kwanza niliona raha. Kujua na kutojulikana kuwa unajua ni utamu mbaya, na mimi niliuramba.

Raha ile iliisha Jumapili. Wakati wa chai Mahfoudha alisimama, akamwomba mwalimu wao waliyekuja naye atusomee jina kwenye karatasi. Watu wa kwetu wanajua desturi hii: hakuna msafiri anayetoka visiwani kuja Maskati mikono mitupu. Anabebeshwa achari, pepeta ya mpunga mchanga, khabari za wafu na wazima, na kila kitu kina mwenyewe. Wenzake walikwisha kuanza kugawa amana zao kwa watu waliokuja kuulizia getini. Yeye alikuwa na amana moja tu. Mwalimu akasoma: Nasriya binti Khalfan, mzaliwa wa Wete, anayekaa Matrah nyuma ya soko. Nani anamjua?

Bibi yangu. Tulihama Matrah miaka miwili nyuma, alipofariki babu, na babu ndiye aliyekuwa akiandika barua za Pemba. Baba aliandika mbili baadaye, hazikujibiwa, na simu yetu ilibadilika. Darsait pale hakuna aliyemjua kwa jina la Nasriya. Mtaa mzima ukimwita Mama Nasir, jina la baba yangu. Kwa hiyo katika mji wote ule, aliyekuwa na jibu ni mimi peke yangu, na nilikuwa nimekaa baina ya Wadha na birika la chai.

Nilisema moyoni, nitamwambia baadaye tukiwa wawili. Wallahi nilisema hivyo.

Tulipokuwa wawili, Jumatatu, nilikuwa nimeshayapanga na maneno ya Kiingereza. Nitasema namjua, ni jirani, nitampelekea mimi. Uongo mdogo wa kuuficha ule mkubwa. Nikafungua mdomo, na Mahfoudha naye akawa ameanza kusema na ubao wake.

"Bibi Nasriya, shikamoo. Mie Mahfoudha, mjukuu wa nduguyo Nunu." Akasimama, akapuliza vumbi. "Hapana, siyo hivo, ataanza kufurahi." Akachonga kidogo. "Bibi, nimetumwa. Bibi Nunu kaniusia, akifa, usiambiwe kwa simu, usiambiwe kwa barua, nije mwenyewe nikwambie mdomo kwa mdomo nikushike mkono." Machozi yakawa yanamdondoka juu ya msaji na yeye hayafuti, anachonga tu. "Bibi, Bibi Nunu katutoka. Jumatatu ilopita. Akikutaja wewe. Yallah, ntamwambiaje mzee wa watu?"

Patasi yangu iliteleza ikanichana kidole. Mahfoudha akaacha kila kitu, akanifunga kwa kipande cha mtandio wake, akinisemesha kwa Kiswahili cha kumbembeleza mtoto, "Pole, mama, pole, hamna kitu," na macho yake bado ni mabichi. Nilitoa machozi mimi pia. Alidhani ni kidole.

Nilikwenda nyumbani siku ile na msiba wa watu wangu mfukoni, mkavu. Bibi alikuwa sebuleni anachagua mchele. Alikwisha kusikia kuwa kuna watoto wa Unguja wamekuja chuoni kwetu; Kheiria, jirani wa ghorofa ya chini, alimtuma mwanawe Yaqdhan getini kuchukua amana yake.

"Manal," Bibi akaniuliza, "hapana hata mmoja anoniulizia?"

"Hapana, Bibi."

"Hata wa Pemba?"

"Hata wa Pemba."

"Nunu wangu hanisahau," akasema, akarejea kwenye mchele. "Labda hakujua kama kuna watu wanakuja. Mwaka huu nnakwenda mwenyewe. Nimeshamwambia babaako akanikatie tikti, nende nikamuone kabla mmoja wetu hajatangulia."

Nilikwenda chooni nikafungua mfereji nikakaa pale. Ningeweza kusema wakati ule. Nimejiuliza miaka yote hii ni kitu gani kilichonizuia, na jibu langu ni dogo la kutia aibu: ningesema, Bibi angetaka kumwona mtoto, angekuja chuoni, angelia kwa Kiswahili getini, na Wadha angejua kuwa yule si jirani. Hicho tu. Mizani yangu ilikuwa na bibi yangu upande mmoja na kicheko cha Wadha upande mwengine, na kicheko kikazidi uzito.

Jumanne, Jumatano, tukachonga. Nakshi ikawa inapendeza, Ustadha Shaikha akituita mfano. Mahfoudha aliendelea kuyafanyia mazoezi maneno yake, kila siku namna mpya, na mimi nikiyasikia yote nikijifanya kinu. Wageni walipelekwa Qantab, kijiji cha wavuvi, kuchora mitumbwi, yeye akachora watu waliokaa, nyuso za wazee wanawake tu, akiwauliza wenyeji kwa ishara kama wanamjua Nasriya.

Alhamisi ilikuwa mapumziko. Wageni hawakuruhusiwa kutoka bila wenyeji wao, na Mahfoudha akaniomba kwa Kiingereza chake, pole pole, akilichagua kila neno, nimpeleke Matrah. Nikamwambia sawa. Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea hata mbele ya nafsi yangu. Kunyamaza ni kitu kimoja, mtu anaweza kusema niliogopa. Lakini mimi siku ile nilivaa, nikapanda teksi, nikampeleka kumtafuta bibi yangu mahali ambapo nilijua hayupo.

Tulizunguka vichochoro vya nyuma ya soko saa mbili nzima. Aliwauliza wauza uvumba, wauza kofia, mpaka fundi saa. Mwisho tukatokea penyewe, kwenye nyumba yetu ya zamani. Alipouona mlango alisimama. Ni mlango mkongwe wa nakshi, na mimi nimeutoka na kuuingia utotoni kwangu kote bila kuutazama. Yeye akapitisha vidole juu yake kama anasoma. "Hii kazi ya kwetu," alijisemea. Kisha akabisha.

Alifungua mwanamke wa Kibalushi aliyepanga pale baada yetu. Nikamwuliza kwa Kiarabu, nikiomba Mungu asinikumbuke. Hakunikumbuka, lakini alikuwa mwema, akaeleza vizuri: wamehamia Darsait, juu ya duka la mabomba, ukipita mzunguko, mzee yule nampenda sana nisalimie. Mahfoudha akanigeukia, macho yamemtoka kwa matumaini.

"Anasema hajui," nikamwambia.

Akamshukuru mwanamke yule kwa kuweka mkono kifuani. Njiani kurudi hakusema peke yake. Alikuwa amekipakata kifurushi cha amana, kanga iliyofungwa mafundo manne, na mimi nilikaa pembeni yake kwenye teksi nikitazama bahari upande wa pili.

Ijumaa jioni Kheiria alipanda ngazi kutuletea sahani ya pepeta. Ni kwenye amana yake, kaona asile peke yake. Bibi akamshukuru, akamsifia watu wake wanaomkumbuka. Kheiria alipoondoka Bibi alichota pepeta kwa vidole vitatu, akatafuna pole pole.

"Mimi nimesahauliwa, Manal," akasema. "Si neno. Mtu akikaa mbali sana huwa kama alokufa."

Ndipo nilipovunjika. Si kwa sababu niliacha kuogopa, niliogopa vilevile. Ila nilimwona anaila pepeta ya watu kama sadaka, na nikajua kuwa ni mimi niliyemfanya aihitaji sadaka ile.

Jumamosi, baada ya kazi za asubuhi, nilimshika Mahfoudha mkono nikamwambia kwa Kiingereza: njoo, chukua na kifurushi. Mpaka juu ya ngazi za nyumba yetu bado sikuwa na ujasiri wa lugha yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kumwingiza, kumwonyesha Bibi kwa kidole, na kukimbilia jikoni. Mtu mzima na akili zake, nilipanga hivyo. Nikasukuma mlango, na sauti ya Bibi ikatoka ndani:

"Nani huyo? We Manal? Mbona leo mapema? Umekuja na nani?"

Bibi mzito wa masikio hajibiwi kwa ishara.

"Nimekuja na mgeni, Bibi!" nikapaza sauti.

Mahfoudha alikuwa ameinama kuvua viatu. Akabaki vilevile, ameinama, kiatu kimoja mkononi. Kisha akainuka akanitazama. Sijapata kutazamwa hivyo tena, na naomba nisitazamwe. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anahesabu tu, siku moja baada ya nyingine, kila neno alilolisema pale benchini, na kila neno nililiona likifika.

Kisha akanipita akaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marhaba, mwanangu. Mtoto wa nani wewe?"

"Mie Mahfoudha, bibi. Mjukuu wa Bi Nunu, wa Wete."

Bibi alipiga kelele ya furaha, akamvuta, akambusu kichwa, mashavu, mikono. "Nunu! Nunu wangu! Si nilisema? Hajambo? Mbona hakuja mwenyewe, kakuachia safari peke yako?" Na Mahfoudha, maneno yake yote ya siku nane hakutumia hata moja. Alipiga magoti, akamwekea kifurushi mapajani, akamshika mikono miwili, akasema tu, "Bibi Nunu katangulia mbele ya haki, bibi. Kaniambia nije nikushike mkono."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Bibi akasema. Akarudia. Alilia kimya, kichwa kimeinama juu ya kichwa cha mtoto yule, na mimi nimesimama mlangoni kama dalali. Baada ya muda akainua uso.

"Lini, mwanangu?"

"Leo siku ya kumi na tatu, bibi."

"Na wewe umefika lini hapa?"

Nikafumba macho. Alijua, kila mtu alijua, kwamba watoto wa Unguja wamefika tangu wiki iliyopita. Nikasubiri.

"Jana, bibi," Mahfoudha akasema. "Wenzangu walitangulia. Mie nilibakia kwenye khitima, ndo nikafata peke yangu."

"Na mjukuu wangu kakupataje?"

"Alinisikia nakuulizia tu, akanishika mkono. Hata chai sikunywa."

Bibi aliniita. Akanikumbatia na machozi yake, akaniambia Mungu akuweke, Mungu asikufedheheshe duniani wala akhera, umeniletea damu yangu. Nilisema amin. Ningefanya nini?

Jikoni, maji ya kahawa yakichemka, nilimfuata Mahfoudha aliyekuwa akisuuza vikombe bila kuambiwa. Kiswahili kilinitoka chote kwa pamoja. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia habari za Wadha, za mihogo, za mlango wa Matrah na yule Mbalushi, sikubakisha kitu. Nikamshukuru kwa kunisitiri.

"Usinshukuru," akasema. "Sikusema kwa ajili yako. Mtu kishafiwa, haongezewi jengine."

Akaendelea kusuuza. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Yale nlokuwa nikisema pale benchini. Yote ukiyasikia?"

"Yote."

"Na nikilia?"

"Na ukilia."

"Mie nikijua nnalia peke yangu," akasema, akavipanga vikombe kwenye sinia akatoka.

Msiba ukaanza siku ileile. Baba akaomba ruhusa chuoni, Mahfoudha akabaki kwetu, siku tatu za matanga na mbili za baada yake, badala ya kumaliza ziara yake. Ubao wetu ukatandazwa siku ya maonyesho na shimo katikati, pale tulipotakiwa tukutane. Kwetu aliamka alfajiri kumsaidia Bibi kutawadha, akipokea wageni, akimhadithia habari za Nunu, namna alivyokuwa mkali, namna alivyokuwa akificha sukari. Bibi akicheka katikati ya kilio. Na mimi nikisema naye Kiswahili saa zote, nikimwuliza hiki na kile, na yeye akinijibu vizuri, kwa adabu, kwa Kiingereza.

Jumatatu alasiri, walipokuwa wamejaa majirani, walikuja watu wa chuoni kutoa mkono wa tanzia. Ustadha Shaikha mbele, nyuma yake wanafunzi watano, na mmoja wao Wadha. Wakakaa kwenye zulia. Mahfoudha akawapa kahawa. Wadha akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akamtazama Bibi tena, na nikajua anamkumbuka kizee wa getini.

Bibi akafurahi kumwona mwalimu wangu. Akaanza kuwahadithia kwa Kiarabu chake, kikamshinda kwenye sentensi ya pili, akapunga mkono.

"Manal, mwanangu, watafsirie. Waambie mtoto huyu kaja mji asoujua, hana anwani, hana simu. Waambie wewe ndo ulomsikia, ukamshika mkono siku ileile ukanletea. Waambie wajukuu nnao wengi, lakini wewe ndo ulonitafutia ndugu yangu. Waambie, usione haya."

Chumba kizima kikanisubiri. Nilikuwa na njia mbili, na zote mbili zilipita kinywani mwangu. Nikamtazama Mahfoudha. Alikuwa ameshika dele la kahawa, anatazama zulia.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, sifa kwa sifa, kwa Kiarabu changu kizuri cha Ibra. Sikukwama hata pahali pamoja. Majirani wakasema mashaallah. Nilipomaliza, Ustadha Shaikha akasema kwa Kiarabu, taratibu, bila kukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi:

"Mahfoudha yuko nawe benchini tangu Jumamosi ya kwanza, Manal. Nilikupa mimi mwenyewe. Na siku ile niliuliza nani anajua Kiswahili."

Wadha hakucheka. Nilikuwa nimeuza kila kitu kwa kukiogopa kicheko kile, na sasa kilipokuwa haki yangu hakikuja. Aliteremsha kikombe chake chini na kutazama pembeni, namna mtu anavyotazama pembeni mwenziwe akivuliwa nguo.

"Anasemaje mwalimu?" Bibi akaniuliza, ametega sikio, uso unamng'ara kwa fahari. "Mbona kanyamaza? Anasemaje?"

"Anasema," nikamwambia, "Mungu amrehemu Bi Nunu."

"Amin," Bibi akasema, na majirani wote wakaitikia amin.

Mahfoudha, aliyelisikia jina lake katika maneno ya mwalimu, alinyanyua macho kutoka kwenye zulia, akanitazama, na yeye hakuitikia.